Tano Tisa kwa Kilo Tatu

"Tangu nisimamishe mlingoti wangu, Gitega haijawahi kunipa chini ya tano tisa. Siku mtakayonipa pungufu, nitaung'oa kwa mikono hii miwili, na antena yake nitaila kwa maharage."

Hayo aliyasema Kasiano akiwa amesimama, chupa ya soda mkononi, mbele ya wanachama kumi na wawili wa Klabu ya Mita Mbili, kwenye chakula chao cha mwaka mjini Gitega, mwaka 2019. Hakuwa amelewa. Hilo lieleweke mapema, maana wapo waliojaribu kumtetea kwa njia hiyo. Alikuwa amekunywa soda mbili na kula brosheti moja, mshikaki wa mbuzi, na akili yake ilikuwa timamu kama siku zote, yaani ilikuwa inajisifu. Eliud, katibu wa klabu, mwalimu wa fizikia kutoka Muyinga mjini ambaye huandika hata kikohozi cha mwenyekiti, aliyanakili maneno hayo kwenye daftari la mikutano na kuweka tarehe.

Tano tisa ni alama. Watu wa redio wakisikiana hupeana namba mbili. Ya kwanza huishia tano na husema maneno yanaeleweka kiasi gani. Ya pili huishia tisa na husema sauti ina nguvu kiasi gani. Mtu wa tano tisa anaongea kama yumo chumbani kwako na amekalia kiti chako. Mtu wa tatu moja anaongea kutoka ndani ya gunia la viazi, na gunia lenyewe liko ng'ambo ya bonde.

Kila Jumapili ya mwisho ya Aprili klabu hufanya mashindano kwenye bendi ya mita mbili, VHF, mawimbi yenye kiburi yanayokwenda moja kwa moja na hayataki kusikia habari ya kuzunguka mlima. Kwa nchi iliyojaa vilima kuliko barabara, huo ni mchezo wa watu wasio na haraka ya kushinda. Unaita, unaitikiwa, mnapeana alama, namba ya mazungumzo na mraba wa ramani mnamokaa, kisha unaruka kwa mwingine. Kilomita moja, pointi moja. Kutoka uani kwa Kasiano, Buhinyuza, hadi juu ya duka la Abubakari, Gitega, ni kilomita sitini na tano hivi, na kule vijijini Muyinga hakuna mwingine aliyefika Gitega bila kupanda gari. Hilo ndilo lililokuwa taji la Kasiano. Alilivaa hata shambani.

Kasiano alizaliwa Tanzania, upande wa Kigoma. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa na sufuria moja na mimba moja, na mimba hiyo ndiyo yeye. Alisoma huko, akalima huko, akajifunza Kiswahili cha kwenye vitabu, na alipofika miaka ishirini na mitano akapata kazi kwenye chumba cha redio cha kambi moja ya wakimbizi. Chumba chenyewe kilikuwa kontena lenye dirisha moja na feni iliyowekwa kwa ajili ya kutazamwa. Bosi wake, Fabiano, fundi wa Kitanzania mwenye masharubu yaliyochongwa kwa rula, alimpa somo la kwanza kabla hajakaa.

"Redio si kisima, usiende kupiga soga. Bonyeza, sema, achia."

Kila mtu kwenye redio alikuwa na jina la kazi. Lake lilikuwa Kilo Tatu. Saa mbili asubuhi aliita magari yote na vituo vyote, kimoja kimoja, na vyote vilimjibu: malori ya unga, zahanati, pampu ya maji, lango kuu. Ukitaka kumwona Kasiano akitazama mbali bila kuona kitu, muulize habari ya saa mbili ile. Atakwambia jinsi mvua ilivyopiga bati la kontena, jinsi dereva wa lori namba tano alivyojibu kila siku akiwa na muwa mdomoni, na jinsi ambulensi ilivyoamka kila alipoita. Anadai watoto mia nne walizaliwa salama kwa sababu Kilo Tatu alikuwa kwenye kiti chake. Hakuna aliyehesabu ila yeye.

Kambi ikafungwa. Mwaka 2010 Kasiano akarudi Burundi, nchi ambayo alikuwa hajawahi kuishi, pamoja na mama yake Lucia, mkewe Jovina, mabati kumi na redio moja ya gari iliyokuwa imetupwa kwenye rundo la vyuma. Fabiano alimwandikia barua ya kuichukua na kuipiga mihuri miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa mapenzi. Mpakani, redio ikiwa imefungwa kwenye kitenge cha mama, askari akauliza ni kitu gani.

"Redio," akasema mama Lucia.

"Inashika stesheni gani?"

"Haishiki. Inasubiri kuitwa."

Askari akawapisha. Huenda alidhani mzee ana lake kichwani.

Buhinyuza wakakuta ardhi ya baba ipo, nusu yake ikiwa na mihogo ya mtu mwingine. Jambo hilo lilikwisha mbele ya wazee wa kilima, maana Burundi kijiji ndicho kilima, kwa maneno mengi na bia ya ndizi nyingi zaidi ya maneno. Nyumba ikajengwa. Lakini mawazo ya Kasiano yalikuwa juu ya paa. Alitaka mlingoti. Kambini milingoti ilikuwa ya chuma. Hapa chuma pekee kilikuwa mlango wa kanisa, nacho tayari kina kazi. Mikalitusi iliyonyooka ilikuwa ya wenyewe.

Jirani yake Gaudensia, mama mwenye miaka yake hamsini wakati huo, mmoja wa waliobaki wakati wenzao wanakimbia, alikuwa akipogoa umuvumu wake, mti ule ambao zamani magome yake yalipondwa yakawa nguo. Tawi moja lilikuwa refu mita nane na limenyooka kuliko tabia ya miti hiyo. Gaudensia alichuuza samaki wakavu mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"We Mtanzania, chukua hii. Iko ndefu, iko nyofu. Haitakusumbua."

"Nikulipe nini, mama?"

"Bure. Beba tu. Mi nitakuwa naangalia."

Akaingia jikoni kwake na kucheka mpaka akashika meza.

Mtoto yeyote aliyekulia Burundi anajua jambo moja kuhusu umuvumu: ukikata tawi bichi ukalichomeka ardhini, linaota. Ndiyo maana tangu enzi za wafalme watu waliyachomeka yawe milango ya nyua na mipaka ya mashamba. Kuufanya umuvumu nguzo ni sawa na kumfanya mbuzi kigingi: atasimama, ndiyo, lakini ana mipango yake. Kasiano hakujua. Tanzania alifundishwa hesabu, historia na jinsi ya kukunja kebo bila kuivunja. Miti ya kwao hakuna aliyemfundisha, kwa sababu aliyeijua alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa hapendi kuzungumzia vilivyobaki nyuma.

Siku ya kusimamisha, mama Lucia alikuja na kigoda chake akakaa pembeni ya shimo. Alimtazama mwanawe akishindilia udongo kwa mguu. Alisema neno moja tu.

"Hapo chini pawe na unyevu, mwanangu."

Kasiano akafurahi sana. Kwenye shina la mlingoti alikuwa amefukia waya wa shaba, waya wa ardhi wa kuilinda redio na radi, na kila fundi anajua waya wa ardhi hupenda udongo wenye maji. Akamwambia Jovina, "Umeona? Mama ana kichwa cha ufundi. Nimemrithi yeye." Jovina, aliyezaliwa Tanzania kama mumewe na asiyejua mti wala waya, akakubali ili apike.

Tangu jioni hiyo maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa penginepo. Mama Lucia aliyabeba mwenyewe, ndoo ndogo, mkono kiunoni, akayamimina kwenye shina la mlingoti. Kasiano alimsifu hata hewani: "Nina fundi msaidizi hapa, ana miaka sabini na mitatu, kazi yake ni waya wa ardhi."

Antena aliitengeneza kwa miavuli mitatu iliyokufa. Alichomoa mbavu zake, akaziunga mbili mbili mpaka zikapata urefu wa mita moja, akazipanga tano kwenye ubao kama mfupa wa samaki, akaielekeza kusini magharibi. Bateri ya gari ikakaa chini ya kitanda, paneli ya sola ikakaa juu ya bati. Akabonyeza. Akaita kama alivyoita miaka kumi na mitatu kambini, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Likajibu koo zito, la mtu mnene.

"Nani huyu anaongea kama tangazo ya serikali?"

"Hapa Kilo Tatu, Buhinyuza."

"Buhinyuza? Na uko unatumia nini, bwana?"

"Wati ishirini na tano na miavuli mitatu."

"Alors, miavuli yako iko mizuri. Mi ni Abubakari, niko Gitega, natengeneza redio pale karibu na soko. Tano tisa, Kilo Tatu. Tano tisa ya kweli."

Abubakari ndiye aliyemwonyesha njia ya kupata leseni na kumwingiza klabuni. Walipokutana ana kwa ana mwaka uliofuata, Kasiano alitafuta mtu mnene dukani akamkosa. Sauti ile ilikuwa inakaa ndani ya mtu mdogo, mkavu, mwenye kofia ya kufuma na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, aliyezungukwa na redio zilizofumuliwa matumbo. Walikumbatiana kama watu waliolelewa pamoja. Kila Ijumaa, baada ya Abubakari kutoka msikitini, wakawa wanaongea robo saa. Kasiano hakumwambia mtu, lakini robo saa ile ndiyo ilikuwa saa mbili yake ya asubuhi, imehamia mchana.

Jani la kwanza lilitokea mvua za pili. Kasiano alipanda kukaza kamba akakutana nalo uso kwa uso, la kijani, linang'aa, halina aibu. Akashuka akidhani ni ugonjwa. Gaudensia, aliyekuwa amesubiri siku hiyo kwa miezi minane, alishika uzio kwa mikono miwili.

"Mtanzania! Mlingoti yako imezaa!"

Kilima kizima kilipita kuangalia. Mtu mwingine angeona haya. Kasiano alilala nayo siku moja, akaamka na maelezo. "Hii ndiyo faida yake," aliwaambia. "Mlingoti wa chuma unabaki ulivyo. Wangu unakua. Kila mwaka napata urefu bure."

Kwa mtu aliyesomea umeme wa hewani, hilo lilikuwa kosa la kusikitisha. Mti hukua kwa kichwa, haukui kwa magoti. Antena iliyofungwa mita saba ilibaki mita saba. Kilichopanda ni majani, ambayo yaliipita, yakaizunguka, yakaifunika. Na majani ya umuvumu yakilowa, mbele ya VHF ni blanketi bichi.

Lakini alama haikushuka. Mwaka hadi mwaka, Aprili hadi Aprili, Gitega ilitoa ile ile: "Tano tisa, Kilo Tatu." Mama Lucia alifariki mwaka 2017, Agosti, kiangazi, ndoo yake ikiwa imefunikwa kando ya mlango. Kasiano alizika maneno mengi pamoja naye. Mti ukakua bila maji ya vyombo. Na miaka miwili baadaye akasimama Gitega na soda yake, akatoa ahadi ile ya mikono miwili na maharage.

Aprili mwaka huu mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha saa nne kamili, mashindano yakianza. Kasiano alijibiwa na Muyinga mjini, na mmoja wa njia ya Cankuzo, kisha akageukia taji lake.

Sauti iliyorudi haikuwa ile nene. Ilikuwa ya mwanamke, na ilikatikakatika.

"Kilo Tatu, hapa Gitega. Ni Yasmina, mtoto wa Abubakari. Papa masikio yake yamechoka, leo mi ndo niko kwa kiti. Uko tatu moja. Namba sifuri sifuri saba, mraba KI46. We?"

Kasiano alitazama kipaza sauti kama kimemtukana.

"Gitega, rudia alama."

"Tatu moja, tonton," akasema, akimwita mjomba kwa Kifaransa. "Tatu. Moja. Na ile moja nimeweka juu ya heshima."

"Kuna hitilafu upande wenu. Angalieni kebo."

"Kebo iko bien. Eliud wa Muyinga nimempata sasa hivi, alikuwa tano nane. We uko unaongea kama mtu ameingia ndani ya kabati ya nguo akafunga mlango."

"Baba yako hunipa tano tisa. Miaka yote."

"Papa anapatia watu wote tano tisa. Hata jenereta ya jirani ikipiga kelele, Papa anaiandikia tano tisa. Ndo tabia ya mashindano, kila mtu anampa mwenzake tano tisa ili waende haraka. Mi nafanya kazi kwa famasi, tonton. Kwetu namba ikiwa ya uongo, mtu anakufa."

Ndipo Eliud akaingia, sauti safi kabisa, tano nane yake ikinukia chaki.

"Hapa Muyinga. Nimepokea vizuri, tatu moja. Daftari la mwaka 2019 liko mbele yangu, ukurasa wa kumi na nne. Nitafika Jumamosi. Mzee Kasiano, maharage nitie chumvi au utatia mwenyewe?"

Kasiano akazima redio. Alitoka nje akatazama juu. Umuvumu ulikuwa umejaa uwanja, unadondosha maji, na antena haikuonekana. Ilikuwa humo ndani mahali fulani, kama mtu aliyesahaulika kwenye harusi. Ahadi ilikuwa ahadi: kung'oa kwa mikono, mbele ya watu, mlingoti. Na asipofanya, kila Aprili watamwita kwa ahadi yake badala ya jina lake. Aliingia ghalani akatoa panga na jembe, akavilaza kando ya mlango, pale ndoo ya mama ilipokuwa inakaa. Jovina aliviona.

"Unaukata?"

"Nilisema."

"Ulisema na antena utaila. Hiyo nayo nikuchemshie?"

Jumatano alikwenda Gitega. Alitaka amtazame usoni mtu aliyemdanganya kabla hajashika panga.

Abubakari alikuwa kitandani nyuma ya duka, amekonda zaidi, kofia ile ile. Alimwona Kasiano mlangoni akasogea ukutani kumpa nafasi ya kukaa.

"Kilo Tatu. Amakuru?"

"Ni meza," akajibu Kasiano, yaani habari ni njema, kisha akakaa. "Kwa nini ulinidanganya, mzee mwenzangu?"

Ilibidi aliseme mara mbili, karibu na sikio. Abubakari alimwonyesha Yasmina kabati kwa kidole, na Yasmina akaleta daftari la mashindano. Kila mwaka kulikuwa na alama iliyoandikwa kwa wino: tano tisa, tano tisa, tano tisa. Na pembeni, kwa kalamu ya risasi, ndogo ndogo, alama nyingine. Mwaka 2011, tano tisa. Mwaka 2012, tano saba. Mwaka 2015, tano tano. Mwaka 2019, nne tatu. Mwaka jana, tatu mbili. Kasiano alipitisha kidole juu yake. Ilikuwa kama kusoma cheti cha hospitali cha mtu anayejidhani mzima.

"Mi nimekuuliza amakuru sasa hivi," Abubakari akasema. "We umejibu nini?"

"Ni meza."

"Na tumbo yako iko na moto, umekuja hapa unataka kunipiga. Alors? We ulidanganya?"

"Hiyo ni salamu."

"Na tano tisa ni nini?"

Kasiano akasema kilichokuwa kinamuuma. "Ungeniambia mapema ningefanya kitu. Ningehamisha antena. Miaka yote hii naongea ndani ya majani kama mjinga."

"We? Kuhamisha?" Abubakari alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. "Mi nakujua. Ungechukua panga siku ile ile. Na nilikuwa nimemwahidi mama yako."

"Mama yangu? Mmeonana wapi?"

"Hewani. Siku moja tu, mwaka wa pili. We ulikuwa shamba. Nasikia mtu amebonyeza, haongei, anapumua tu. Kisha akaanza kunisalimu. Akanisalimu mi, akasalimu bibi yangu, watoto, ng'ombe ambao sina, duka, mvua ya Gitega. Dakika kumi, kidole iko kwenye kitufe, mi siwezi hata kujibu." Alipangusa macho. "Ndo akasema: 'Baba wa Gitega, pale kwetu, mwaka ule tunakimbia, kulikuwa na imivumu miwili mlangoni. Wameikata yote. Sasa huyu mwanangu amenipandia mmoja, na hajui. Ukimwambia unamharibia redio yake, ataukata. Usimwambie.' Kisha akaachia kitufe, na mi nikasema ndiyo."

Kasiano alitazama daftari bila kulisoma.

"Alikuwa anamwagilia waya wa ardhi," alisema.

"Kilo Tatu," Abubakari akasema polepole, "mama mzima, miaka saba, ndoo kila jioni, anamwagilia waya?"

Yasmina alitoka akawaletea chai, akaiweka, akatoka tena.

Jumamosi Eliud alifika kwa pikipiki, sufuria ya maharage imefungwa nyuma kwa mpira, daftari ndani ya koti. Alikuwa ametia chumvi. Gaudensia alileta kigoda chake na majirani wakaleta vyao. Kasiano alitoka na panga, akapanda umuvumu. Ilimchukua muda kuipata antena humo ndani. Kamba zilikuwa zimezama kwenye gome kama pete kwenye kidole kilichonenepa. Alizikata. Mbavu nne za mwavuli zilitoka. Ya tano mti ulikuwa umeimeza katikati, ncha mbili tu zikitokeza, na hakuigusa. Akashuka akiwa na ubao na vyuma vinne, akaweka panga chini.

"Sasa kung'oa," Eliud akasema, akifungua ukurasa wa kumi na nne. "Kwa mikono miwili. Hatuna haraka."

"Andika," Kasiano akasema. "Andika hivi: Kasiano ameshindwa."

"Ameshindwa kung'oa?"

"Ameshindwa. Weka nukta hapo. Huu si mlingoti. Ulikuwa mti tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikujua, na mwenye mti hajaniruhusu."

Hakuna aliyewahi kumsikia Kasiano akitumia neno hilo kwa habari yake mwenyewe. Eliud akaandika, akaweka nukta.

"Na antena?" Gaudensia akauliza. "Si alisema atakula?"

"Mama, wewe ndiye uliyenipa huu mti, ukacheka. Ungeniambia siku ile, leo nisingedaiwa antena."

"Mi nikuambie nini? Mama yako alikuwa amekaa pale kwa kigoda. Alinitazama hivi." Akaonyesha jinsi alivyotazamwa, na kila aliyemfahamu mama Lucia akaelewa kwa nini Gaudensia alifunga mdomo. "Ndo nikaenda kucheka kwangu."

Wakala maharage chini ya majani, Kasiano akiwa amelaza vyuma vinne pembeni ya sahani yake. Eliud aliandika pia kwamba maharage yalikuwa mazuri.

Mchana ule, kabla watu hawajatawanyika, Kasiano alitafuta ubavu mwingine wa mwavuli, akaifunga antena kwenye ngazi ya kuezekea, akaiegemeza jikoni upande usio na jani, akaita. Alijibiwa na koo zito. Yasmina alikuwa amemwinua baba yake mpaka kwenye kiti na kumvisha vipokea sauti, na sauti imewekwa mpaka mwisho.

"Kilo Tatu, Kilo Tatu. Nakusikia."

"Gitega, nipe alama. Ya kalamu ya risasi."

Kasiano alijua huko Gitega mtu amefumba macho, anapima alichosikia.

"Nne sita."

Kasiano alicheka peke yake kama mtu aliyepewa ng'ombe. Miaka mingi alikuwa amebeba tano tisa ambazo zilikuwa salamu. Hii nne sita aliipima kwa mkono, ikawa na uzito.

"Ukipata mita mbili zaidi juu, ile nne itakuwa tano," Abubakari akaongeza. "Usichelewe. Masikio yangu hayangojei."

Jumatatu Kasiano alikuwa sokoni Buhinyuza kabla wauza mbao hawajamaliza kupanga. Aligonga nguzo moja, akainusa, akaikwangua kwa ukucha kuona kama ndani kuna kijani.

"Ukiichomeka ardhini, inaota?" akamuuliza muuzaji.

"Hii imekauka mwaka mzima, mzee. Hii haioti hata ukiiombea."

"Una hakika?"

"Mzee, we unataka nguzo au unataka shamba?"

Nguzo ya mkalitusi uliokauka, mita tisa, ni faranga elfu ishirini na tano, na Kasiano alilipa papo hapo.